Jua la Seven Forks na taa za Nairobi

Kituo cha umeme wa jua cha Seven Forks ni mradi wa megawati 42.5 uliopangwa na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya. Paneli zake zitawekwa katika eneo la mabwawa ya Mto Tana, na umeme wake utaingia katika gridi ya taifa. Karibu nusu ya umeme wa gridi hiyo hutumika Nairobi na viunga vyake, kuanzia Ruiru na Juja hadi Kalimoni na Thika.

Tangu mwanzo Nairobi imewashiwa taa na umeme wa kutoka nje ya mji. Mwaka 1908 ulitoka kwenye maporomoko ya Mto Ruiru, na mwaka 1925 kituo cha Ndula kikajengwa kwenye Mto Thika. Mji ulipokua, mito hiyo midogo ilizidiwa, ndipo Tana ikageukiwa: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988.

Paneli ya jua hutengenezwa kwa silikoni. Mwanga ukiipiga, elektroni husukumwa na kuzaa mkondo unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri. Inveta hugeuza mkondo huo uwe mkondo geu unaotumika majumbani na viwandani, kisha transfoma hupandisha volti ili umeme mwingi usipotelee njiani.

Ukubwa unaotajwa wa kituo ni uwezo wake jua linapowaka sawasawa. Kituo cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019, kina paneli zaidi ya 206,000 zenye uwezo wa takriban megawati 54.6. Kilikadiriwa kutoa gigawati-saa 76 hivi kwa mwaka. Makadirio hayo yakigawanywa kwa saa zote 8,760 za mwaka, wastani hauzidi megawati 9, kwa kuwa usiku paneli hazitoi kitu na mawingu hupunguza umeme wa mchana.

Kituo cha aina hii hula ardhi. Cha Garissa kimechukua hekta 85. Kalimoni na jirani zake, ambako mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yanaendelea kukatwa ploti za nyumba, ardhi kama hiyo haipatikani kwa bei inayofaa. Seven Forks ni kukavu, jua ni kali, na nyaya za kupeleka umeme Nairobi zilishajengwa kwa ajili ya mabwawa.

Faida kubwa zaidi ya mahali hapo ni maji yenyewe. Matumizi ya umeme Kenya hufikia kilele jioni, watu wanaporudi nyumbani, wakati jua limekwisha kutua. Mchana, paneli zikifanya kazi, mitambo ya maji inaweza kupunguzwa na maji yakabaki bwawani hadi jioni. Meta moja ya ujazo ya maji ikianguka meta 100 hutoa takriban robo ya kilowati-saa. Kwa hesabu hiyo, saa moja ya jua yenye megawati 40 huokoa meta za ujazo 160,000 hivi. Bwawa huwa betri ambayo tayari imejengwa.

Akiba hiyo ina thamani zaidi wakati wa ukame, kwani mvua zikikosekana anga huwa wazi. Mwaka 2009 maji yalipungua hadi kituo cha Masinga kikasimamishwa, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Kituo cha megawati 42.5 peke yake kisingeziba pengo hilo: kilele cha matumizi ya nchi kilizidi megawati 2,300 mwaka 2025. Kinachoweza kufanya ni kuchelewesha kukauka kwa bwawa na kupunguza saa za kuchoma mafuta katika vituo kama kile cha Thika.

Viunga vya Nairobi navyo vina nafasi yao: mapaa. Paa la kiwanda cha Thika au Ruiru halidai ploti mpya, na umeme wake hutumika papo hapo, mashine zikiwa kazini mchana. Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mteja kurudisha kwenye gridi umeme uliozidi na kupunguziwa bili. Kila kilowati-saa inayozalishwa Kalimoni mchana ni maji mengine yanayobaki Masinga hadi jioni.