Joto la oili ya injini kwenye foleni na safari fupi za Dar

Oili ya injini iliyokwisha kupata moto vizuri huwa kati ya nyuzi 90 na 110 za Selsiasi. Gari lenye mzigo likipanda mlima, au likikimbia kwa muda mrefu kwenye barabara kuu, oili hufika 120 na bado hakuna ubaya. Kuanzia 130 mambo hubadilika. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka, oili huungana na oksijeni kwa kasi inayokaribia maradufu, ikawa nzito, nyeusi na yenye asidi. Oili ya sintetiki huvumilia joto hilo kuliko ya kawaida.

Madereva wengi wa Kinondoni na Temeke hawawezi kuziona namba hizo, maana magari madogo yaliyojaa mjini, kama Vitz, IST na Passo, hayana geji ya joto la oili. Taa nyekundu yenye mchoro wa kopo huonyesha presha ya oili. Ikiwaka gari likiwa linatembea, injini izimwe hapo hapo. Mshale au taa ya joto ni ya maji ya rejeta, na maji na oili havipati moto kwa pamoja. Maji hufika nyuzi 80 na ushee ndani ya dakika 5 hadi 10, lakini oili huhitaji mara mbili ya muda huo au zaidi. Taa ya buluu ya maji baridi ikizimika, oili bado ni ya uvuguvugu, na huo si wakati wa kukanyaga mafuta hadi mwisho.

Wengi huogopa foleni ya Barabara ya Kilwa au ya Mandela saa za jioni. Hofu hiyo ina msingi kwa upande wa maji: feni ikifa, gari huchemsha palepale. Oili ni habari nyingine. Injini inayounguruma taratibu haizalishi joto kubwa, kwa hiyo ikiwa feni na rejeta ni vizima, oili hubaki ndani ya kiwango chake hata Januari, hewa inapofika nyuzi 32. Foleni huichosha oili kwa njia ya kimyakimya: injini hufanya kazi kwa saa nzima huku kilomita zikisogea chache tu, na anayesubiri kilomita 5,000 ndipo amwage oili huwa ameitumia kuliko anavyodhani.

Adui mkubwa zaidi wa magari ya mjini ni oili isiyopata moto. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka kwenye eksozi kama mvuke, lakini kiasi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka ndani ya oili, pamoja na petroli isiyoungua. Oili ikikaa juu ya nyuzi 90 kwa muda wa kutosha, vyote hivyo hugeuka mvuke na kutoka. Gari la kwenda Sinza hadi Mwenge na kurudi, au Tandika hadi Temeke, huzimwa kabla ya hapo kila siku. Maji hubaki, na chini ya kifuniko cha oili hujitokeza ute mweupe kama mtindi. Ute kidogo pale juu kwa kawaida ni wa safari fupi; ukionekana hadi kwenye kijiti cha kupimia, gasketi ya silinda hedi ikaguliwe.

Mafundi wengine hulikuza tatizo hili kwa mikono yao. Gari likichemsha, themostati hung'olewa na kutupwa, eti nchi ya joto haina haja nayo. Kazi ya themostati ni kuzuia maji hadi injini ipate moto. Bila hiyo, gari likitembea kasi kwenye Barabara ya Morogoro maji hupoa kupita kiasi, na oili nayo haifiki inapotakiwa. Chanzo cha kuchemsha, ambacho mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni, hubaki vilevile.

Kuhusu uzito wa oili, namba inayotangulia W hupimwa kwenye baridi kali: 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo Dar haijui. Namba ya pili ndiyo ya kuangaliwa, kwa kuwa huonyesha uzito oili ikiwa nyuzi 100. Kuweka 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 hupunguza kelele za injini iliyochoka, lakini msuguano huongezeka, joto hupanda na mafuta huliwa zaidi.

Bodaboda ina hesabu yake. Pikipiki nyingi hupozwa kwa hewa, na oili ya takriban lita moja hutumikia injini, giaboksi na klachi kwa pamoja. Hapo oili hupata moto kweli, hasa pikipiki ikibeba abiria wawili kwenye mwinuko wa Kimara, na kuichelewesha kuimwaga ni kuiua injini.

Toyota nchini Japani huagiza oili ya injini ya petroli isiyo na turbo imwagwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Kwa matumizi magumu agizo hilo hushuka hadi kilomita 7,500 au miezi 6. Safari fupi za kujirudia na injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama zimo katika matumizi magumu, na ndivyo magari mengi ya Dar yanavyoishi. Mwenye gari la hapa na atazame kalenda pia, asiishie kwenye kilomita.