Fimbo ya Puli: Usiulize Uzito Tu
Wadau, Jumamosi moja kwenye baa huku Queensbury nilijaribu fimbo mbili za puli, zote gramu 540. Moja ilinitii, nyingine ikanigomea. Kulikoni? Mizani!

Laza fimbo juu ya kidole kimoja. Pale inapotulia bila kuanguka ndipo penye mizani, mara nyingi sentimita 45 hivi kutoka kitakoni. Pakiwa mbele zaidi, mkono wa mbele unabeba mzigo. Pakirudi nyuma, ncha inakuwa nyepesi, rahisi kuyumba.

Halafu fimbo nzito si lazima ipige kwa nguvu zaidi, maana mkono hauiharakishi kama nyepesi.

Kwa hiyo kabla hujamwaga pauni zako dukani, ipime kwa kidole, kisha piga mpira mweupe taratibu mara kumi. Mkono wenyewe utakwambia.