Anayesikia sauti hajarogwa (3): Ndorobo na akili ya mtu

Juni 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya feksinidazoli katika mwongozo wa tiba ya malale ya huku kwetu Afrika Mashariki. Kwetu Mpanda, magharibi mwa Tanzania, hii ni habari kubwa, ingawa vijiweni sijaisikia ikitajwa.

Skizofrenia tumeshaimaliza katika sehemu zilizopita. Leo tumtazame mtu anayesikia sauti na kumshuku kila jirani kwa sababu ya kimelea cha malale alichoachiwa na ndorobo. Mrina asali wa Inyonga anatoka porini na kidonda kilichovimba shingoni, kisha homa za kuja na kuondoka. Nyumbani wanasema malaria. Baada ya wiki au miezi, kimelea kimeingia ubongoni: usiku anakesha akibishana na watu wasioonekana, mchana anasinzia tonge likiwa mkononi. Chakula cha mkewe hali, anadai kina sumu. Ndipo mpiga ramli anapoitwa, na bibi kizee mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni tu, anatajwa mchawi. Vikongwe wangapi tumewazika kwa upumbavu huu!

Wakoloni walikuwa na dawa yao. Baada ya malale kuonekana Maswa mwaka 1922, Dk. George Maclean alishika njia moja: kuhamisha watu. Familia zilizotawanyika katika miombo ya magharibi, Wakonongo na Wakimbu wakiwamo, zilikusanywa kwenye vijiji vikubwa na msitu ukafyekwa kuvizunguka, maana ndorobo hapendi palipo peupe. Operesheni Vijiji ilipokuja miaka ya 1970, wazee wa huku walikuwa wameshahamishwa mara moja. Ugonjwa ulipungua, sikatai. Lakini mashamba na makaburi yaliyoachwa yakageuka pori, na ndorobo akarithi. Hasara hiyo hakuna aliyewalipa wenyewe.

Tiba nayo ilikuwa mateso. Suramini haifiki ubongoni vya kutosha, hivyo tangu 1949 ikatumika melasoproli, yenye arseniki ndani, inayounguza mshipa na kuua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Vidonge vipya humezwa pamoja na chakula kwa siku 10. Ila lazima kwanza damu ipimwe kwa hadubini, na mganga wa zahanati akumbuke kuuliza: ulikuwa porini lini?

Nafasi imeniishia bila kugusa malaria ya kichwani, kaswende ya siku nyingi, wala mnywa gongo anayeacha ghafla na siku ya tatu akaanza kuona wadudu ukutani. Huyo nitaanza naye sehemu ya nne.