Usukani Unaocheza na Aibu ya Gari

Atokaye Mombasa kwenda Malindi aweza kuendesha gari lenye usukani uliolegea mwaka mzima na asione ubaya wake. Barabara imenyooka, kona ni chache, na mkono huzoea kulirudisha gari mahali pake bila ya mwenyewe kujua. Lakini gari hilo hilo ulipandishe Meru.

Barabara itokayo Meru mjini kwenda Embu hupita ubavuni mwa Mlima Kenya, upande wa mashariki, kwa Nkubu, Igoji na Chuka, ikikata mto baada ya mto, yote ikiteremka kuelekea Tana. Kila mto una mteremko wake, kona yake, daraja lake na mpando wake. Mashuhuri kwa msiba ni daraja la Nithi, ambapo mwezi wa Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia bondeni, wakafa watu zaidi ya 30, Mwenyezi Mungu awarehemu. Iliyotajwa sana wakati ule ilikuwa breki, si usukani. Tunalikumbusha kwa kuwa aliyewahi kulitazama bonde lile hahitaji kuelezwa kwa nini gari huko halina budi kuutii mkono.

Tulikuwa wageni Meru wakati wa likizo ya shule, kwa darsa za watoto, katika nyumba ya familia yenye asili ya Lamu. Mwenye nyumba hununua viazi Timau na kuviuza, na ana pikapu aina ya Toyota Hilux iliyomzidi umri binti yake wa kwanza, naye binti huyo ameshaolewa. (Msomaji wa pwani akisikia pikapu ya pande za Meru na Embu huenda akadhani twataka kusema juu ya miraa na muguka. La, hayo yana siku yake.) Siku za kazi gari lile hubeba magunia, na siku za mapumziko hubeba watoto wa madrasa na akina mama waendao kwenye harusi na matanga.

Jioni moja, baada ya chakula, mke wake alisema mbele yetu, "Baba Watoto, gari lile siku hizi laenda lipendako. Jana nimekuona wakata usukani mara mbili kwenye kona moja."

Mume alicheka. Akasema gari amekwisha kulipatia mnunuzi Embu, na kabla ya kumpelekea atampa fundi aikaze skrubu ya stelingi, liwe zito mkononi, mambo yaishe. Mkewe hakujibu, ila alitutazama sisi. Nasi tukaona si adabu kumsomesha mtu mezani pake. Tukaomba tu kufuatana naye gereji asubuhi.

Palikuwa na mafundi wawili, kijana na mzee. Kijana aliposikia shida alikwenda moja kwa moja kuchukua spana na bisibisi. Mzee akamzuia. "Sheikh," akatuambia, maana aliiona kofia na kanzu yetu, "skrubu ile ndiyo ya mwisho. Huyu anataka kuanza nayo."

Alichotuonyesha baada ya hapo twakieleza kwa urefu, kwa sababu kila nyumba yenye gari la zamani yaweza kukifanya, na chahitaji watu wawili: mmoja kitini, mmoja chini. Wa kitini aweza kuwa mama wa nyumba.

Kwanza akajaza upepo kwenye tairi, kwani tairi laini peke yake laweza kulifanya gari litangetange. Gari likasimama pahala tambarare, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, na tairi za mbele zimeelekea mbele sawasawa. Injini imezimwa, kwa kuwa gari lile halina stelingi ya pawa. Lenye pawa hupimwa injini ikiwaka. Kisha mwenyeji wetu akausogeza usukani taratibu huku na huku kwa vidole, huku mzee akitazama tairi. Usukani usogee kiasi gani kabla tairi halijaanza kugeuka? Mzee alituambia sentimita 3 kwenye ukingo wa usukani ndio mwisho, upana wa vidole viwili hivi. Wa mwenyeji wetu ulisogea upana wa kiganja kizima.

Hapo mzee akaingia chini, akamwagiza aendelee kuutikisa. Usukani haushiki tairi moja kwa moja. Kuna sanduku la stelingi upande wa dereva. Kutoka sandukuni kuna mkono wa chuma usukumao upau mrefu wa kati. Upande wa abiria kuna mkono mwingine, ambao mafundi huuita aidla, uubebao upau huo. Na kutoka kwenye upau hutoka tairodi mbili, moja kwa kila gurudumu. Kila paungiwapo vyuma viwili pana kiungo, na kila kiungo huchakaa. Mzee alikuwa akikishika kila kiungo kwa kiganja. Chuma cha upande huu kikisogea na cha upande wa pili kikakawia, basi hapo ndipo penye ugonjwa. Aliupata pawili: bushi za aidla zilikuwa zimekwisha, upau ukipanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea, na ncha ya tairodi ya kushoto ilikuwa imelegea ndani ya kikombe chake. Gari lilipoinuliwa kwa jeki na kuwekewa vigingi, alishika tairi kulia na kushoto akalitikisa, likacheza: ile tairodi. Akalishika juu na chini, likatulia: boljointi na beringi ni salama.

Tukamwuliza, je, skrubu ingekazwa tu? Akasema usukani ungekuwa mzito kwa muda, mnunuzi angefurahi, na tairodi ingebaki vile vile hadi siku ya kuchomoka. Tena sanduku lenyewe huchakaa zaidi katikati, kwa kuwa gari aghalabu huenda mbele. Ukilikaza mpaka katikati pasicheze, litabana kwenye kona, na usukani hautarudi wenyewe baada ya kukata. Huko Nithi, usukani usiorudi si jambo la kuombea.

Tulipokuwa tukisubiri vipuri, ndipo tulipomkumbusha mwenyeji wetu kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akakuta rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka ule ulioloa juu, watu wauone. Mafakihi wetu wameijengea mlango mzima hukumu hiyo: mnunuzi aliyefichwa aibu ya kitu ana khiyari ya kukirudisha. Skrubu iliyokazwa juu ya tairodi mbovu ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyoloa, ila aliyenunua nafaka hapotezi watoto wake bondeni.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza gharama.

Bushi na tairodi zilibadilishwa, si kuchomelewa wala kugongwa nyundo kikombe kikaze, kama tulivyoona gereji nyingine. Mzee alihesabu mizunguko wakati wa kuifungua tairodi ili aifunge kwa kadiri ile ile, akatia pini mpya kwenye nati, kisha akawaagiza waende kupima alaimenti, kwani hesabu ya jicho haitoshi, na tairi zingelika upande mmoja. Mwisho kabisa ndipo alipoigusa skrubu: akailegeza nati yake, akaizungusha chini ya robo ya mzunguko, akaizuia isiende huku akiikaza nati, akaupeleka usukani mpaka mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto kuona kama unabana popote. Ulibaki mchezo wa kama sentimita 2. Huo ni wa sanduku lenyewe, akasema, na hautatoka ila kwa sanduku jingine.

Mchezo huo uliobaki mwenyeji wetu alimweleza mnunuzi kwa simu, nasi tukisikia, na bei ikashuka. Ijumaa iliyofuata waliteremka Embu, mume na mke. Baada ya Swala mnunuzi alivua koti, akajilaza chini ya gari juu ya gunia, na mama wa nyumba akapanda kitini akamtikisia usukani, taratibu, huku na huku, mpaka aliposema inatosha.