CHUMBA KIWE KIPYA BILA KUJENGA UPYA

Ukitoka juani mchana na kuingia chumbani kwako, unaona nini? Wengi wetu hatuoni kitu. Ni giza tupu mpaka macho yazoee. Halafu tunasema: "Nikipata pesa nitajenga nyingine." Pesa hazipatikani, na mwaka unakwisha.

Ndugu msomaji, chumba kinaweza kubadilika kwa siku mbili bila bati wala rangi ya dukani. Unahitaji jembe, ndoo, ufagio, udongo na nguvu za watu wa nyumbani mwako, wake kwa waume.

Anza asubuhi, siku ya jua. Toa vitu vyote nje. Nasema vyote: kitanda, mikeka, magunia, debe la mbegu, hata lile sanduku la bibi lisilofunguliwa. Watu wengi hufagia katikati ya chumba tu. Lakini kazi yenyewe iko pembeni, nyuma ya vitu. Mikeka na matandiko yaanikwe juani. Kitanda kikiwa na kunguni, kimwagie maji yanayochemka kwenye maungio.

Chumba kikiwa kitupu, tazama kuta na sakafu. Utaona nyufa. Nyufa hizo haziharibu sura ya chumba tu. Ndiyo nyumba ya papasi. Papasi ni mdudu mwenye rangi ya udongo na ngozi ngumu. Mchana hujificha katika nyufa na vumbi. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi kujificha. Aliyelala mara nyingi hana habari. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula, anangoja tu. Watu wa Dodoma wanamjua sana, kwa sababu nyumba za tembe, zenye kuta za udongo na giza ndani, zinampendeza.

Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alifanya utafiti hapa nchini, akaonyesha kwamba papasi huleta homa. Homa hiyo hupanda siku chache, halafu hupoa. Mgonjwa anadhani amepona, kumbe bado. Baada ya siku kadhaa inarudi tena. Mama mjamzito anaweza kuharibikiwa mimba, na mtoto mchanga anaweza kufa.

Basi, zibeni nyufa. Chukua udongo wa kichuguu, uuchekeche, uchanganye na mchanga kidogo na maji, uukande kama ugali. Kwanza lowesha ufa, maana udongo mbichi haushiki kwenye ukuta mkavu. Shindilia mpaka ndani kwa kijiti. Ukipaka juu juu tu, umemjengea papasi mlango. Udongo ukikauka utapasuka kidogo, kwa hiyo rudia kesho yake. Sakafu nayo inyunyizie maji, ishindilie, uisiribe iwe laini.

Sasa dirisha. Wengine wameliziba kwa gunia kwa sababu ya baridi au wezi. Usiku sawa, lakini mchana liondoe. Chumba kisichopitisha hewa hutunza vijidudu vya kifua kikuu mtu akikohoa. Kama mna udongo mweupe karibu, paka ukuta unaotazamana na dirisha. Si lazima kupaka chumba kizima. Ukuta huo mmoja utarudisha mwanga mpaka pembeni, na usiku hata kibatari kitaonekana kimeongezewa mafuta.

Kuna watu hupamba kuta kwa kubandika magazeti. Mimi siungi mkono. Nyuma ya karatasi ndipo kunguni wanapozaliana. Gazeti hili lisome, mpe jirani naye alisome, lakini usilibandike ukutani.

Mkirudisha vitu, kitanda kikae mbali na ukuta, angalau shubiri moja. Magunia yawekwe juu ya matofali au miti, ili ufagio upite chini. Kuku watafutiwe banda lao nje. Visivyotumika msivirudishe. Mtashangaa jinsi chumba kilivyopanuka.

Na kama kuna mtu nyumbani ambaye homa inampata, inamwacha, inamrudia, asimeze tu dawa ya malaria na kulala. Apelekwe zahanati mapema, mama mjamzito na mtoto kwanza. Mwambieni mganga wazi kwamba nyumbani mna papasi, ili apime damu akijua anatafuta nini.