Sabuni ya Maji ya Kuoshea Vyombo: Kilichomo Chupani na Maji Yake Yaendako

Miongoni mwa maswali ambayo walaji hutuuliza mara kwa mara ni hili: je, sabuni ya maji iliyo nzito ndiyo yenye nguvu zaidi? Jibu ni hapana. Sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa wengi hulipia uzito wakidhani wanalipia nguvu.

Sehemu kubwa ya kilichomo chupani ni maji. Kazi ya kuondoa mafuta hufanywa na kemikali ambazo molekuli zake zina ncha mbili: ncha moja hupenda maji, nyingine huyakimbia na kushikamana na mafuta. Molekuli hizo huzingira mafuta yaliyoganda kwenye sufuria, huyang'oa na kuyashikilia majini hadi yamwagwe. Kwa hakika, bidhaa hii si sabuni kwa maana ya asili, maana sabuni halisi hupatikana kwa kuunganisha mafuta na kostiki soda, kama ilivyo sabuni ya mche. Tofauti hiyo mlaji aweza kuiona mwenyewe anapotumia maji magumu ya kisima: sabuni ya mche hukataa kutoa povu na kuacha utando mweupe, ilhali sabuni ya maji haisumbuki sana.

Watengenezaji wetu wengi hutumia kemikali mbili. Ya kwanza ni salfoniki asidi, itokanayo na mafuta ya petroli, ambayo ukali wake hutulizwa kwa kostiki soda. Ya pili ni ile ambayo wauzaji huiita slesi, na jirani zetu wa Kenya huijua kwa jina la Ungerol. Msingi wake kwa kawaida ni mafuta ya nazi au ya kokwa za michikichi, nayo huongeza povu na kuipunguzia sabuni ukali kwenye ngozi. Baada ya hapo hutiwa chumvi, na hapa ndipo siri ya uzito ilipo. Chumvi ile ile ya jikoni, ikitiwa kidogo kidogo, huufanya mchanganyiko uwe mzito. Ikizidi kipimo, mchanganyiko hulegea tena ukawa kama maji. Kwa hiyo sabuni yenye kemikali chache yaweza kufanywa nzito, na iliyo nyepesi yaweza kuwa bora zaidi. Rangi ya kijani na picha ya ndimu havisafishi chochote. Hata povu, ambalo wengi wetu hulitumia kama kipimo cha kuitambua sabuni nzuri, si lazima lilingane na uwezo wa kuondoa mafuta.

Mwisho hutiwa kihifadhi ili sabuni isioze. Baadhi ya watengenezaji wadogo hutumia formalini, ambayo ni gesi ya formaldehidi iliyoyeyushwa majini. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehidi katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004, na hata kwa kiasi kidogo huweza kuwasha ngozi na macho. Kuna vihifadhi vingine, nasi tunawahimiza watengenezaji wavitumie.

Hatusemi kwamba kila sabuni iliyotengenezwa nyumbani ni mbaya. Nyingine ni nzuri, na zimewapa wengi riziki. Shaka yetu ni juu ya kipimo. Asidi isipotulizwa vya kutosha, au kostiki ikizidi, mikono huwasha, hukauka na kubabuka. Sufuria ya alumini inayopauka au kuwa nyeusi mara tu baada ya kubadili sabuni ni dalili ambayo mama wa nyumbani asiipuuze. Tafuteni jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chupa isiyo na lebo haina wa kuulizwa mambo yanapoharibika.

Na maji tunayoyamwaga je? Katika miaka ya 1950, mito ya Ulaya na Marekani ilijaa povu kwa sababu kemikali za sabuni za wakati huo hazikuweza kuliwa na bakteria. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia mwaka 1965 viwanda vya Marekani vilikuwa vimehamia aina inayooza. Salfoniki ya leo ni ya aina hiyo, lakini ina sharti moja: bakteria wanaoila huhitaji hewa ya oksijeni. Ndani ya shimo la maji taka lililozibwa, ambako hewa haifiki, huoza kwa shida sana. Ikimwagwa moja kwa moja ziwani au mtoni, huwafikia samaki kabla haijaoza na kudhuru matamvua yao. Ndiyo maana tunawasihi wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, na wa kando ya maji yoyote, wasioshee vyombo ukingoni. Chote maji kwa ndoo, osha mbali, kisha mwaga juu ya udongo wenye majani, mbali na kisima.

Tusiisingizie sabuni hii kila kosa, hata hivyo. Magugu maji hustawishwa na rutuba itokayo mashambani na kwenye maji machafu ya miji, na sabuni ya maji ya vyombo kwa kawaida haina fosfati. Mabaki ya ugali na mafuta ya kukaangia nayo hula oksijeni ya maji yanapooza. Kuyafuta kwa karatasi kabla ya kuosha huokoa sabuni na hulinda mtaro pia.

Tone moja kwenye dodoki latosha kwa sahani kadhaa. Wapo wanaoongeza maji chupani ili sabuni isiishe haraka; hilo hupunguza nguvu ya kihifadhi, na bakteria wakaanza kuzaliana humo.

Jambo la mwisho ni chupa yenyewe. Sabuni nyingi huuzwa katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa au za soda, nazo huwekwa sakafuni, mahali ambapo mtoto huzifikia. Mtoto akinywa sabuni, msimtapishe, kwa kuwa povu linaweza kuingia mapafuni. Msukutueni mdomo, mpeni maji kidogo kidogo, na akikohoa, akitapika au akipumua kwa shida, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Nendeni na ile chupa, hata kama haina lebo.