Uchungu wa Sindano: Unavyosafiri Mwilini, na Mama Anavyoweza Kuupunguza

 

Leo tuzungumzie kilio cha mtoto siku ya chanjo. Kuna akina mama ambao, kwa huruma tu, hawarudi kliniki wiki ya 10 kwa sababu mtoto alilia sana wiki ya 6. Wengine husema mtoto mchanga hahisi uchungu. Hata madaktari wengi waliamini hivyo mpaka miaka ya 1980. Si kweli, mama. Mtoto anahisi.

Je, uchungu husafiri vipi? Kwenye ngozi na nyama kuna ncha ndogo za mishipa ya fahamu. Sindano ikidunga, ncha hizo hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo. Ubongo ukipokea, ndipo mtoto analia. Habari hizo zina njia mbili. Moja ni ya mbio kama bodaboda, nayo huleta ule uchungu mkali wa kwanza. Nyingine huenda polepole kama mkokoteni, nayo huleta uchungu wa kuwaka unaobaki nyuma.

Kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza jambo hili mwaka wa 1965: habari za kuguswa zikifika hapo, lango hujifunga kidogo na uchungu unaopita hupungua. Ndiyo sababu ukijigonga goti, mkono hukimbilia kulisugua. Ubongo nao hutuma amri na kemikali zake za kutuliza uchungu.

Basi siku ya kliniki fanya hivi. Kwanza, mpakate mtoto, usimlaze mezani peke yake. Pili, mnyonyeshe kabla ya kudungwa na wakati anapodungwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka wa 2015. Tatu, mpapase taratibu kando ya mahali atakapodungwa, lakini usisugue pale penyewe. Usimpe dawa ya maumivu kabla ya chanjo. Baadaye akiwa na joto jingi au akikataa kunyonya, mrudishe kliniki.

Uchungu wa sindano ni wa muda mfupi. Kifaduro humkohoza mtoto kwa wiki nyingi, na chaweza kumuua.

Mama, fungua kijitabu chako cha kliniki leo, uangalie tarehe ya kurudi.